Ukidhulumiwa na kliniki au mwenye nyumba, ubishe mlango gani?



Sisi watu wa Pwani tukisikia jina Kisumu Ndogo, fikra zetu huenda Kongowea au Malindi. Leo naomba unifuate mbali kidogo, hadi Kisumu Ndogo ya Kibera, Nairobi. Nina sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wengi wanaokwenda Nairobi kutafuta riziki hufikia mitaa kama hiyo. Pili, yaliyomkuta mpwa wangu huko yanaweza kumkuta mtu yeyote Kongowea, Majengo au Maweni, na sheria ni hiyo hiyo moja.

Mwaka jana dada yangu alinipigia simu alfajiri. Mkaza mwanawe alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, katika kliniki moja ya kibinafsi. Lakini siku ya tatu ilikuwa imefika na mama yungali kitandani, si kwa ugonjwa, bali kwa bili. Waliandikiwa shilingi 28,000, wakalipa 9,000, na kliniki ikasema hatoki hata hatua moja mpaka zilizobaki zipatikane. Jioni yake, mpwa wangu akarudi nyumbani akakuta mlango wa chumba chake umeng'olewa. Alikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Akanipigia akaniuliza, "Mjomba, nianze wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipanda basi la usiku, asubuhi nikachukua matatu ya namba 8 hadi Kibera. Siku mbili nzima tulizunguka. Mzee wa kijiji alitusikiliza kwa upole, akatupeleka kwa chifu. Kwa chifu tukaambiwa mambo ya hospitali si yake. Mwengine akatushauri twende kwa Kadhi kwa kuwa sisi ni Waislamu. Mwengine akasema tupige simu redioni. Milango yote hiyo ilikuwa ya watu wema, lakini haikuwa milango yetu.

Siku ya tatu tulimpata mama mmoja, msaidizi wa sheria anayejitolea pale kijijini. Hakutupa pole ndefu. Alituuliza swali moja tu: "Karatasi ziko wapi?" Na hapo ndipo nilipofahamu kuwa mnyonge hanyongwi kwa kukosa sheria. Hunyongwa kwa kutojua mlango wa kubisha, na kwa kufika mlangoni mikono mitupu. Makala haya ni yale niliyojifunza kwa mama yule na kwa kusoma baadaye.

Mgonjwa na mpangaji pia ni wateja

Wengi wetu tukisikia "haki za mtumiaji bidhaa" tunafikiria unga ulioharibika au simu feki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakwenda mbali zaidi ya hapo. Kinasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, kulindwa afya yake, usalama wake na mali yake, na kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Tena kifungu hicho kinazihusu huduma za serikali na za watu binafsi vile vile. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikaja kuongezea hapo.

Kwa hiyo anayelipia kitanda hospitalini au chumba cha mabati si muombaji. Ni mteja. Neno hili dogo hubadilisha namna mtu anavyosimama mbele ya kaunta.

Shida za hospitali na kliniki

La kwanza kulijua ni dharura. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikatia meno: kituo cha afya chenye uwezo wa kutoa matibabu hayo kikikataa, kimetenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi 3,000,000. Mgonjwa anayevuja damu haulizwi pesa kwanza. Atadaiwa baadaye, lakini kwanza atatibiwa.

La pili ni kuzuiliwa kwa sababu ya bili. Jambo hili lilishaamuliwa. Mwaka 2010 akina mama wawili walizuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao za kikatiba. Mmoja alipewa fidia ya shilingi 1,500,000 na mwengine 500,000. Tuelewane hapa: hukumu ile haikusema deni linafutika. Deni ni deni, na dini yetu inatukaza tulilipe. Ilichosema ni kwamba mwili wa mtu hauwekwi rehani. Kliniki ina njia zake za kudai: mkataba wa kulipa kidogo kidogo, au mahakama. Kufunga geti si mojawapo.

La tatu ni matibabu mabovu: sindano iliyochomwa vibaya, mshono uliooza, mgonjwa aliyetukanwa au kupuuzwa. Sheria ya Afya inampa kila mtu haki ya kulalamika namna alivyotendewa, na malalamiko yake kuchunguzwa. Anza kwa msimamizi wa kituo chenyewe, kwa barua, ubaki na nakala. Usiporidhika, mlango hutegemea ni nani aliyekukosea. Kama ni daktari, au ni kituo chenyewe, nenda Baraza la Madaktari, lile linalojulikana kwa herufi KMPDC. Kama ni muuguzi, nenda Baraza la Wauguzi. Kama ni yule tunayemwita "daktari" mtaani lakini cheo chake ni afisa wa kliniki, wana baraza lao pia. Mabaraza haya yanaweza kumwadhibu mtu na hata kumpokonya leseni. Fidia ya pesa aghalabu hudaiwa mahakamani.

Kabla ya hayo yote, kuna kinga rahisi. Ukiingia kliniki, tazama ukutani. Leseni ya KMPDC inatakiwa ionekane, na iwe ya mwaka huu. Duka la dawa nalo lazima liwe limesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na huko ndiko kwa kushtaki duka bandia, dawa iliyopitwa na tarehe au dawa iliyokudhuru. Katika mitaa kama Kisumu Ndogo, vichochoro vina vibanda vya dawa kila baada ya milango michache. Vingine ni halali, vingine ni meza na koti jeupe tu. Usione haya kuuliza.

La nne ni bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ilikwisha, mahali pake pakaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili ni bure, kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yake kisha akakadiriwa mchango, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hulipwa kwa mwaka mzima. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kusajiliwa kunakufungulia zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya chini vilivyo na mkataba. Ukilazwa hospitali kubwa, lazima mchango wako uwe umelipwa. Mpwa wangu hakuwa amejisajili kabisa. Alingoja mtoto azaliwe kwanza. Ajizi, walisema wazee, nyumba ya njaa.

Na ukiwa na SHA, uliza swali moja kabla ya kukaa kitandani: "Kituo hiki kina mkataba na SHA, na kwa huduma hii ninayoitaka?" Jibu la mdomo halitoshi. Omba uonyeshwe.

Shida za chumba cha kupanga

Kibera ina historia yake. Ardhi yake walipewa askari wa Kinubi zama za Mwingereza, na Waislamu wale, ambao wengi wao wako Makina mpaka leo, walingoja hadi mwaka 2017 ndipo jamii yao ikapewa hatimiliki ya ekari 288. Sehemu kubwa iliyobaki ni ardhi ya serikali. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba wako Kisumu Ndogo mara nyingi anamiliki mabati na udongo, hamiliki ardhi. Na mara nyingi haishi hapo. Unayemuona ni keteka, msimamizi wa ploti, ndiye anayekusanya kodi na ndiye anayekuja na nyundo.

Wengi huona kwamba kwa sababu nyumba haina hati, basi mpangaji naye hana haki. Si kweli. Uliyekubaliana naye kodi ni mwenye nyumba wako, na makubaliano ni makubaliano.

Sasa angalia kodi yako ni kiasi gani, kwa kuwa mlango unategemea hapo. Ipo sheria ya zamani, Sura 296 ya sheria za Kenya, inayodhibiti kodi za nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mijini kiwango hicho kimewaacha nje wapangaji wengi, lakini vyumba vya mabati vingi bado vimo ndani yake. Chumba cha mpwa wangu kilikuwa 2,300. Kwa nyumba hizo kuna jopo maalumu, wengi wanaliita taribunali ya kodi. Mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri yake. Hawezi kushika vyombo vyako kwa ajili ya deni bila ruhusa yake. Na akikusumbua makusudi ili uhame au ukubali kodi ya juu, ametenda kosa. Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji, yote ni usumbufu wa aina hiyo. Sheria hiyo hiyo inamtaka aweke daftari la kodi na akupe nakala.

Kama kodi yako imezidi 2,500, taribunali hiyo si yako, lakini hukuachwa jangwani. Mwenye nyumba anayetaka kushika mali kwa deni hutumia dalali mwenye leseni, si vijana wa barazani. Vyombo vyako vikichukuliwa na watu wasio na karatasi yoyote, hilo ni jambo la polisi. Andikisha, na usiondoke kituoni bila namba ya OB.

Ipo shida nyingine inayowauma wengi kuliko zote: ile pesa ya dhamana, wenyewe wanaiita dipositi. Unahama, umeacha chumba safi, na mwenye nyumba anakwambia ilikwisha kwa rangi na kitasa. Hapa mlango mzuri ni Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikafunguliwa Nairobi mwezi Aprili 2021, na Mombasa nayo tunayo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Unasimama mwenyewe, unaeleza kwa lugha unayoielewa. Kesi ya fidia kwa kuumizwa nayo huweza kwenda huko, ikiwa haizidi kiwango hicho.

Ama bomoabomoa, huo ni mlango mwengine. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na watu wengi wakalala nje. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka wanaoondolewa katika ardhi wapewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Ukiona alama ya rangi nyekundu ukutani, usingoje. Jikusanyeni, muulize notisi iko wapi na imetoka kwa nani. Kesi hizi ni za Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huendewa kwa pamoja. Mpangaji mmoja mmoja haziwezi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi Waislamu tunajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba tunaisoma, kisha tunampa keteka 2,300 mkononi kichochoroni, gizani, bila hata kipande cha karatasi, kwa kuona haya.

Basi anza leo. Lipa kodi kwa M-Pesa kila inapowezekana, na usifute ujumbe. Ukilipa taslimu, nunua kitabu cha risiti cha bei ndogo, mwandikie mwenyewe, umuombe atie sahihi. Akikataa sahihi, mtumie ujumbe wa simu saa hiyo hiyo: "Nimekupa 2,300 za mwezi wa tatu." Ujumbe ule ni ushahidi. Siku unayoingia chumbani piga picha kuta, mlango na paa, na siku unayotoka vile vile. Jua jina kamili la mwenye nyumba, si la keteka peke yake.

Hospitalini omba bili iliyochambuliwa, kila dawa na bei yake, si jumla tu. Tunza kadi, majibu ya maabara, cheti cha dawa na risiti. Andika jina la aliyekuhudumia na saa. Hati ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013, inatambua haki yako ya kuelezwa ugonjwa wako na matibabu yake. Kuuliza si ujeuri.

Usiende peke yako

Kwa maskini, wakili ni neno la kutisha. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa sheria, watu wa mtaani waliofundishwa kuonyesha njia. Kibera wapo, na uliza tu. Kituo cha Sheria, shirika linalowasaidia wanyonge tangu mwaka 1973, lina ofisi Nairobi na Mombasa. FIDA huwasaidia wanawake, nao wako Nairobi, Mombasa na Kisumu. MUHURI iko hapa kwetu Mombasa. Kwa mambo ya watumiaji kwa jumla, wapo COFEK, shirikisho la watumiaji. Kwa ofisi ya serikali inayokuzungusha, ipo Tume ya Haki ya Utawala, wenyewe wanaiita Ombudsman.

Na Kadhi je? Nimesikia wengi wakimkimbilia kwa deni la nyumba. Katiba imempa Kadhi mambo manne kwa Waislamu: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi. Kodi haimo. Chifu na mzee wa kijiji wana kazi kubwa ya kupatanisha, na suluhu ni kheri. Lakini hawana uwezo wa kuamuru mtu atolewe chumbani, na huo uwezo usiwape wewe kwa kunyamaza.

Yalivyoishia

Tulirudi kliniki tukiwa watatu, na barua ya ukurasa mmoja. Barua ilieleza uamuzi wa 2015, ikaomba bili iliyochambuliwa, na ikaahidi kulipa 2,000 kila mwezi. Msimamizi aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akatoka. Bili iliyochambuliwa ilikuwa 23,500, si 28,000. Mama na mtoto walitoka kabla ya magharibi. Deni analilipa mpaka hii leo, na alhamdulillahi halijabaki kubwa.

Mlango ulirudi baada ya siku nne, mwenye nyumba alipopelekewa barua nyingine iliyotaja taribunali. Alikuja mwenyewe safari hii, si keteka.

Lakini si yote yalirudi. Mwenye nyumba alisema deni si la miezi miwili, ni mitatu. Mpwa wangu aliapa kuwa mwezi ule wa tatu alimpa keteka mkononi. Keteka alikana. Na dipositi ya 4,600, aliyoitoa siku ya kwanza mbele ya watu wasiojulikana walikohamia, nayo ilikanwa. Yule mama msaidizi wa sheria alitutazama kwa huruma, akasema pale hana la kufanya. Jumla yake ni 6,900, na mtoto alikuwa hana hata blanketi la pili.

Siku niliyokuwa naondoka, nilimkuta mpwa wangu ameketi kwenye kizingiti cha mlango uliorudi, mtoto kapakatwa, anaandika kitu katika daftari la shule la kurasa 48. Juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika tarehe, kiasi, na jina la aliyepokea. Nami nakuomba, ndugu msomaji, kabla hujalala leo, ufungue daftari lako.

Tukutane juma lijalo, inshallah.